Nusu Yangu ya Padi

Kambini, 9 Januari

Mdogo wangu Kitufe,

Pokea salamu za kaka yako aliyeungua jua mpaka kope. Mimi mzima, chakula kipo, kitanda kipo, na jenereta zangu zote zinanguruma vizuri. Mwambie Mama zile soksi nilizozikataa nimezivaa, maana huku asubuhi kuna baridi ya kutafuna mifupa. Asifurahi sana. Na wewe je, bado unawapanga watu foleni ya kung'olewa meno? Msalimie daktari wako, mwambie jino langu la nyuma limetulia, asije akalitamani.

Huku mtandao hakuna kabisa. Simu yangu imebaki saa na tochi. Barua inakwenda na lori la vifaa, na lori lenyewe linakuja likijisikia, kwa hiyo nikichelewa usinune.

Sasa tuje kwenye mambo ya maana. Mhandisi wa hapa ameleta mashine mpya ya gemu. Kubwa, nyeupe, inasimama wima, ukiiona utadhani ni friji ya mtoto. Siku ya kwanza tuliizunguka wote na kofia za kazi mapajani. Ikawaka, ikatukaribisha kwa muziki, halafu ikasema haiwezi kutuchezesha mpaka kwanza ipakue kitu mtandaoni. Tukakaa tunatazama mstari usiosogea, watu wazima na ndevu zetu. Hoja yangu ndiyo hii: mashine inayoomba ruhusa kwa mtu wa mbali ndipo ikuruhusu kucheza, hiyo si yako, umeazimwa. Ile yetu ya kijivu unaweka diski, unabonyeza, unacheza. Haijawahi kuniuliza mimi ni nani.

Wengine hapa wanacheza gemu za simu kwa kidole kimoja na wanajiita wachezaji. Huko si kucheza, ni kukuna kioo. Gemu inataka mikono miwili na mgongo unaouma.

Mtu wetu wa kwenye gemu anaendeleaje pale darajani? Feni bado inampulizia? Tangu kadi ya kumbukumbu ife, uhai wake wote uko kwenye ule waya wa ukutani. Usizime. Mwambie na Mama asizime, hata aje nani. Kazi yangu inaisha mwezi wa sita, nikirudi tunavuka daraja pamoja tukaone kuna nini ng'ambo. Na hakuna kutangulia, sheria unaijua.

Kaka yako,
Usukani

Nyumbani, 2 Februari

Kaka Usukani,

Barua imefika ikinuka dizeli, nikajua ni yako kabla ya kuifungua. Sisi tupo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi lakini mdomo haujambo. Habari ya soksi nimemsomea mara mbili, kwa ombi lake. Daktari amecheka, akasema jino likitulia kama hilo ndilo la kuogopa.

Mgonjwa wenu, ndivyo Mama anavyoiita mashine siku hizi, hajambo. Usiku na mchana anawaka. Runinga tunaizima, yeye tunamwacha. Juzi Mama alitaka kumfunika kwa kitambaa cha kufuma eti vumbi linamwingia, nikamwambia atakufa kwa joto. Akanuna, kisha nikamkuta ameisogeza feni karibu zaidi na anaiambia mashine pole. Ile karatasi yako ya USIZIME bado iko juu ya swichi, kona moja imeanza kujikunja.

Kaka, nikwambie kitu bila kuzunguka. Sebule imekuwa kubwa. Jioni nikitoka kazini nawasha runinga namtazama mtu wetu amesimama mbele ya daraja, kifua kinapanda na kushuka. Siigusi padi ya kuchezea. Nakaa kwenye mkeka upande wangu wa kulia, na kushoto pale pako sijamwachia mtu, hata Mama nimemwonyesha kiti. Leo kazini nilimweleza mwenzangu tulivyokuwa tukicheza, padi moja watu wawili, wewe umeshika nusu ya kushoto unamwongoza kwenda, mimi nimeshika ya kulia, kuruka na kupiga ni kwangu. Akaniuliza kwa nini hamkununua padi ya pili. Gemu yenyewe ni ya mtu mmoja, kaka. Ingekuwaje tena?

Mhandisi wako mwambie mashine ya kuomba ruhusa airudishe ilikotoka. Mwezi wa sita ni mbali.

Mdogo wako,
Kitufe

Kambini, 11 Machi

Kitufe,

Salamu kwako na kwa goti la Mama. Mwambie alikande kwa maji ya moto, asilipe kazi ya kupanda ngazi kila akisikia mlango umegongwa. Mimi sijambo, nimenenepa kidogo shingoni.

Ile friji hatimaye inacheza. Mhandisi aliibeba mpaka mjini, akailisha ilichotaka, akarudi nayo. Nimecheza nao jioni kadhaa na sasa naweza kusema. Picha ni nzuri mno, jani moja moja unaliona. Dunia yake kubwa, unatembea mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi, na kila hatua kuna mshale unaokuonyesha njia. Nani ameomba mshale? Sisi maandishi ya gemu yetu hatukujua kusoma hata herufi moja, lugha ya watu, na tulifika. Tulipotea, tukagombana, ukaninunia siku nzima, lakini tulifika.

Halafu hawa jamaa hawamalizi gemu. Wanaanza hii, wanaonja, wanaanza nyingine. Mimi nimekataa. Nimewaambia kwetu gemu moja ikianza hakuna nyingine mpaka iishe, hatuchezi tukiwa na hasira, na anayekula hagusi padi. Wakaniuliza kwetu ni jeshini? Nikawaambia kwetu kuna Mama.

Kila mtu hapa ana padi yake nzima. Nimezoea sasa, mkono wa kulia umejifunza kazi yako. Napiga na kuruka mwenyewe, na nimewashinda wengi. Lakini ukishinda huku, unageuka kulia kumtazama mtu, unakuta ni ukuta. Nimekukumbuka sana, mdogo wangu. Nisingeandika hivyo kama lori lisingekuwa linawashwa sasa hivi.

Usizime.

Usukani

Nyumbani, 20 Mei

Kaka Usukani,

Najua nimechelewa. Nilikuwa na mafua, halafu kazi, halafu mafua tena. Usiulize sana. Mama mzima, anakuombea, na anauliza kama bado unanenepa shingoni au imeshafika mashavuni.

Nianze na lisilopendeza. Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Mwanawe anaoa, anataka akae hapa. Hana ubaya, amekuja mwenyewe, akakaa, akanywa chai, akaona haya. Tunahama mwisho wa mwezi wa nane. Mama anafunga vyombo tangu siku ile, ukitaka sahani sasa unaifukua. Sebule hii tuliyojifunzia kila kitu itakuwa ya maharusi, watapaka rangi, na alama ya mgongo wako ukutani itafutika.

Unaelewa maana yake. Mashine haiwezi kuhamishwa ikiwa inawaka. Nimeuliza kila mtu, hata yule anayetutengenezea kiti cha wagonjwa pale kliniki. Siku tunayohama, inazimwa. Lakini wewe mwezi wa sita unarudi, kwa hiyo hakuna neno, muda upo. Daraja tutalivuka kabla hata ya Mama kukunja mapazia.

Usijali, mtu wetu ni mzima. Sasa hivi namwona hapa naandika. Amesimama pale pale darajani, upanga mgongoni, taa mkononi, anapumua taratibu. Anakusubiri. Na mimi pia, kama hujui.

Niambie tarehe utakayofika, niombe ruhusa kazini.

Kitufe

Kambini, 3 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako niliipata. Pole kwa mafua. Pole na habari ya nyumba.

Mwezi wa sita umepita, naona. Kazi imeongezwa. Wamenihamishia stoo, nagawa vifaa. Si vibaya, kuna kivuli na kiti. Mwandiko usikushangaze, meza ya stoo inacheza.

Nilikuwa naidharau sana gemu ya simu. Nimekosea. Kuna moja hapa ya kupanga matofali, unaicheza kwa kidole gumba tu, huku unakunywa chai. Ina akili yake. Mtu hahitaji vitufe vyote vile. Wanaotengeneza padi wanazidisha.

Kuhusu mashine, msinisubiri. Ikifika siku ya kuhama, zimeni tu. Ni gemu. Au vuka daraja wewe peke yako, sheria nimeifuta.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Kaka yako

Nyumbani, 19 Julai

Kaka,

Sisi wazima na salamu ndizo hizo, leo sina nafasi ya kuzipamba.

Mimi nakaa mapokezi ya kliniki ya meno. Kila siku anaingia mtu ameshika shavu, namuuliza tatizo nini, ananiambia hakuna, nimepita tu. Hao ndio huingia ndani kwanza. Kwa hiyo usidhani unaongea na mtoto.

Barua yako nimeiweka mezani pamoja na zote ulizoandika. Mwandiko wako ulikuwa unalala kulia, huu umelala kushoto na kila herufi imechongwa kwa taabu. Meza inayocheza haimfanyi mtu aandike kama mwanafunzi wa chekechea. Fundi wa jenereta kapelekwa stoo kugawa misumari, na anasifia kivuli. Wewe unayelala na bisibisi chini ya mto. Na gemu ya kidole gumba. Kaka, wewe? Hapo ndipo nilipokaa chini.

Nilimsubiri dereva wa lori getini kwao, nikamuuliza kakangu ana nini. Alitazama matairi, akasema, "Muulize mwenyewe, dada. Mimi nabeba barua tu." Akaniita dada kwa sauti ya msibani.

Mama sijamwambia, lakini ameacha kuuliza habari zako, na wewe unajua Mama akiacha kuuliza maana yake nini.

Niandikie ukweli. Ukiniandikia habari ya chai na kivuli napanda lori hilo hilo naja, na sanduku la Mama juu.

Kitufe

Kambini, 5 Agosti

Kitufe,

Umenishika. Kaa basi.

Mwezi wa tano mkanda wa jenereta kubwa ulikatika wakati mkono wangu wa kulia uko mahali usipotakiwa kuwa. Kidole gumba kipo ila hakikunji. Viwili vinavyofuata havipo. Zahanati ya hapa wamenishona vizuri, kidonda kimepona, sina wa kumlalamikia. Hii naiandika kwa kushoto, na ile iliyopita pia. Meza haina kosa.

Kazi yangu iliisha mwezi wa sita kama tulivyopanga. Stoo nimeiomba mwenyewe. Kila lori likiondoka nasimama mlangoni nahesabu mapipa, nisilitazame. Nilitoka nyumbani fundi, mdogo wangu. Nikirudi, nirudi kama nani? Mama ataanza kunitazama mkono ninapokula. Wewe utaniletea padi mbio mbio kama unavyofanya, nami nitasema nini?

Maana nilijaribu. Jioni moja mhandisi alinipa padi kama zamani, mtu mwema, hakutaka nijione nimetengwa. Nikaishika, ikaniteleza, ikaanguka. Hakuna aliyecheka. Wote wakageukia kwingine, na mmoja akaanza kujipapasa mifukoni anatafuta kiberiti, wakati hata sigara havuti. Nikaaga nikaenda kulala. Sijarudi tena chumba kile. Gemu ya matofali ni ya kijinga, hukukosea.

Na wewe usijifanye msafi. Uliandika kwamba mtu wetu darajani ameshika taa. Mtu wetu hana taa, Kitufe. Tuliiuza siku ya kwanza kabisa, kwenye duka la yule mzee wa ndevu, kwa sababu maandishi hatukuyaelewa tukadhani ni chungu cha kupikia. Ndiyo maana mapango yote tuliyapita gizani, mimi napapasa kuta na wewe unafyeka hewa. Huyo uliyenaye ni mwingine. Mashine ilizimika, ukaanza upya toka mwanzo, mwenyewe, ukamfikisha hadi darajani na ukamsimamisha pale pale nilipomwacha ili nisijue. Na hukuvuka.

Nilijua nilipoisoma tu. Sikukasirika. Ile barua naiweka chini ya mto, bisibisi nimeihamisha.

Nawatamani mpaka naumwa. Lakini siwezi kuja nikasimama mbele ya daraja lile na mkono huu. Zimeni mhame salama.

Usukani, zamani

Nyumbani, 17 Agosti

Kaka Usukani,

Zamani uliyoiandika baada ya jina lako nimeikata kwa kalamu ya kazini.

Barua yako niliisomea mapokezi, na mgonjwa aliyekuwa anasubiri kung'olewa jino ndiye aliyenipa kitambaa. Jioni nikamsomea Mama. Aliuliza kitu kimoja tu, "Mkono wa kulia?" Nikasema ndiyo. Akaanza kufukua maboksi aliyoyafunga kwa miezi, akatoa kijiko chako kile kizito, akakiosha. Akasema, "Atajifunza kushoto. Mwambie aje ajifunzie hapa." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na nilimwacha alie.

Ni kweli, umeme ulikatika. Ilikuwa mwezi wa tatu, mchana, niko kazini, ukarudi kabla Mama hajagundua. Nilipowasha runinga nikakuta gemu inaniuliza nianze upya au la. Sikuweza kukuandikia. Kila jioni nikacheza, padi nzima mikononi, peke yangu. Taa sikuiuza kwa sababu mapangoni bila wewe nilikuwa naogopa. Nilikuwa naona kila ukuta, kaka, na bado nilipotea.

Sasa sikiliza. Mashine nimeizima. Jana, kwa kidole changu, kabla hata ya siku ya kuhama. Karatasi yako nimeibandua. Sikutaka uje kwa sababu ya kuwahi daraja, wala usije kwa sababu ya kuliogopa. Daraja halipo tena. Hakuna kinachokusubiri hapa isipokuwa sisi.

Na padi. Umekaa na watu wa padi nzima nzima mpaka umesahau jinsi kwenu wanavyocheza. Kwetu padi ni moja na nusu ya kulia ni yangu. Mkono wako wa kulia haujawahi kugusa padi ya nyumba hii. Kazi yake ilikuwa kunifinya nikipiga kabla ya wakati. Huko kambini uliufundisha kazi yangu bila kuniuliza, na kazi hiyo naichukua mwenyewe. Wewe mwenyewe uliandika gemu inataka mikono miwili. Hukuandika iwe ya mtu mmoja. Mimi nina wa kulia. Niletee wa kushoto.

Nyumba mpya iko mtaa wa nyuma ya kliniki, mlango wa kijani, ngazi hazipo, goti la Mama limeshukuru. Sebule ni nyembamba, mkeka utaingia kwa kukunjwa. Nitakuwa nimekaa upande wangu.

Kitufe

Kambini, 29 Agosti

Kitufe,

Barua hii imepanda gari la maji. Mimi nafuata na lori, dereva ameniwekea kiti cha mbele na hajatazama matairi. Kwa hiyo aliyetangulia ni barua, mimi sheria sijaivunja.

Mwambie Mama asinililie mlangoni, majirani ni wapya.

Tukifika dukani kwa yule mzee, taa tuiuze. Mapango nayajua.

Usukani